Nyigu Niliowashitaki kwa Bwana Shamba

Masama, Jumatano. Ukungu haujauachia mlima tangu asubuhi, na moyo wangu nao ni mzito.

Imenipasa kukiri: nimewashitaki wasio na hatia.

Mwezi uliopita, vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa majani, walipoyavamia maharage chini ya migomba yetu, nilitia jani moja ndani ya chupa nikaifunga kwa kitambaa. Baadhi ya vidukari walikuwa wamevimba, wakakauka, wakawa na rangi ya kahawia. Siku chache baadaye mgongoni pa kila mmoja palifunguka tundu la mviringo, akatoka nyigu mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi. Nikaainisha kwa fahari: kidukari ni mtoto, nyigu ndiye mzazi. Kisha nikamwandikia Bwana Shamba wa Bomang'ombe kurasa tatu, nikiomba kwa unyenyekevu dawa ya kuuangamiza ukoo mzima.

Mama Ndeshi, mjane wa kaka yangu, alinionya. Yeye huponda vidukari kwa vidole, lakini waliovimba huwaacha, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Shemeji, barua yako ni tamu," alisema, "ila maharage hayajui kusoma."

Nilimjibu kwamba elimu haikai vidoleni.

Dawa ikaja. Nyigu wakafa. Baada ya wiki mbili vidukari wakarudi, wengi kuliko mwanzo, na maharage ya Mama Ndeshi, chakula chake na wanawe, yamenyauka nusu shamba. Nami nilikwisha kuomba dawa mara ya pili. Itanyunyizwa keshokutwa.

Leo, kando ya mfereji ambako dawa haikufika, nimetazama kwa kioo cha kukuzia. Nyigu alikunja tumbo lake likapita kati ya miguu yake, akamchoma kidukari. Mzazi hamchomi mwanawe hivyo. Alikuwa akitaga yai, ili mtoto wake amle kidukari kutoka ndani.

Si ukoo mmoja. Ni mwindaji na windo lake.

Jioni nimekwenda kwa Mama Ndeshi nikaeleza yote, nimesimama. Hakuacha kumenya ndizi.

"Basi andika waizuie hiyo dawa," alisema. "Na safari hii barua iwe fupi, shemeji."

Nimeandika mistari minne. Haijapata kutokea barua iliyonichukua muda mrefu namna hii. Alfajiri nitashuka nayo Bomang'ombe kwa miguu.

Je, Bwana Shamba aliyeziamini kurasa zangu tatu ataiamini mistari minne?