Koti la Baba Mkwe Limekuja na Mikono Mifupi

Mpendwa Shangazi Ghati, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na kwa kweli sijui nianze na ipi, kwa hiyo nivumilie.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Katoro, nina duka la vifaa vya wachimbaji, nauza gambuti, sururu, kamba na tochi za kichwani, na mume wangu Deusdedit ni fundi wa pampu za kutoa maji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Mwakitolyo, anarudi nyumbani kazi zikipoa. Wazazi wake wako Mhunze, na wifi yangu wa mwisho, Noela, anafunga ndoa mwezi ujao kanisani Shinyanga mjini, na baba yake ndiye atakayemsindikiza mpaka mbele ya altare, sasa mimi nikawaza moyoni kwamba baba mkwe wangu, Mzee Maige, tangu nimjue sijamwona na nguo ya kutokea zaidi ya lile kabuti lake zito analochungia ng'ombe mvua na jua, nikasema hapana, safari hii mzee atavaa suti, tena ya kushonewa yeye, na atakayeinunua ni mimi, kwa sababu Shangazi, yule mzee hajawahi kunisema vibaya hata mara moja, na nilipojifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji ni yeye aliyehangaika kuniletea ng'ombe wa maziwa kutoka Mhunze mpaka Katoro.

Nikapata ukurasa wa mafundi wa Mwanza mtandaoni, jina nalihifadhi, picha zao nzuri, watu wametokelezea, nikalipa, wakaniambia nitume vipimo na mzee apimwe akiwa na shati tu. Sasa wewe si mzaliwa wa huku lakini umekaa huku, unajua ukweni kulivyo. Mimi simpi mzee mkono, siketi naye, chakula napeleka kwa magoti, natua, naondoka, na tukiwa na la kuambiana linapitia kwa mama mkwe. Najua wapo wenzangu wanaopiga picha wamekumbatiana na baba wakwe zao, sisi kwa Mzee Maige hatujafika huko na wala sitamani. Kwa hiyo kupima nikamwachia mama mkwe, naye akamfuata mzee na futi ya fundi akamwomba avue kabuti, mzee akasema, "Nivue nini? Nipimwe kama mtoto anayeanza shule? Pima hivi hivi." Mama akampima juu ya kabuti, akanisomea namba kwenye simu huku anacheka, nami nikazituma Mwanza zilivyo, na habari ya kabuti sikuwaambia, maana ningeanzaje kumweleza mtu baki kwamba baba mkwe wangu amegoma kuvua?

Suti ikaja kwa basi mpaka Mhunze, rangi ya bluu iliyokolea, kitambaa kizuri sana, siwezi kusema uongo. Noela akanitumia picha. Upana, Shangazi, mle wangeingia wazee wawili na nafasi ikabaki, lakini mzee mwenyewe kaupenda, kasema mtu mzima havai koti la kumkaba. Halafu mama mkwe akaniletea ujumbe wake kwenye simu: "Mwambie mke wa Deus, wabeja kulumba." Mzee Maige kunishukuru mimi! Nililia dukani mbele ya mteja aliyekuja kununua gambuti, akadhani nimefiwa.

Kilichoharibu ni mikono. Kwenye ile picha mikono ya koti imeishia mbali na kiganja, shati la ndani lote liko nje, mzee anaonekana kama kaazima koti la kijana wake. Mimi niliandika inchi ishirini na sita, na mama mkwe alipolipima koti likiwa kwenye msumari akakuta ishirini na tatu. Nikawaandikia wale mafundi kwa upole, dada wa ukurasa akanijibu, "Nguo ya oda hairudi, dada, soma ukurasa wetu." Nikamwambia inchi nilizotuma ziko hapo juu kwenye mazungumzo yetu, akasema, "Labda mzee wako ana mikono mirefu." Tangu hapo anasoma ujumbe wangu na hajibu. Nami nikakosa mdomo wa kuendelea, kwa sababu nyuma ya kaunta yangu mimi mwenyewe nimebandika tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wachimbaji nawaonyesha kwa kidole.

Na hata wakikubali, Shangazi, koti nitalipataje? Mzee halivui. Kalivaa kanisani, kalivaa kwenye mnada wa ng'ombe, kalivaa msibani kwa jirani, na mama mkwe anasema siku hizi akilivaa anatembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, mpaka nikafurahi nikaona ndiyo raha yenyewe ya suti. Mume wangu nilipomgusia akasema, "Baba kafurahi, wewe unatafuta nini?" Mimi natafuta Noela asindikizwe na baba aliyevaa akavalika, watu wasije wakanong'ona kanisani. Lakini mkwe naanzaje kumwambia baba mkwe avue? Na je, haki ninayo, au niiachie hapo niendelee kufurahi?

Mimi Asteria, Katoro.

*

Marahaba, Asteria. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kazi na ya pili kwa kucheka, kisha nikaona nisicheke sana kwa sababu mambo mengine humu yanahitaji kusemwa kwa ukali kidogo.

Kwanza hongera. Wakwe wanaokumbuka kuwavisha wakwe zao si wengi, na mimi ninayepokea barua za ukweni kila wiki nakuhakikishia hilo.

Sasa keti nikuseme. Mafundi walikuambia apimwe na shati tu. Mlimpima na kabuti, ukajua, ukanyamaza. Huo upana ni wenu, mwanangu, na usimdai fundi hata uzi mmoja, maana yeye kashona alichoambiwa. Bahati yako mzee kaupenda. Na usiniletee heshima ya ukweni hapo, kwa sababu kulikuwa na njia ambayo hata bibi zetu waliijua: ungemwomba mama mkwe shati moja la mzee linalomkaa vizuri, ukalifunga kwenye mfuko, ukalipakia basi la Mwanza. Fundi anapima shati. Mzee haguswi, havui, wala hajui kama shati limesafiri.

Lakini mikono ni habari nyingine kabisa. Uliandika ishirini na sita, wakashona ishirini na tatu. Kosa hilo ni lao na lina ushahidi wa maandishi yao wenyewe. Eti mzee ana mikono mirefu! Kwani watu hushonesha kwa nini? Mwenye mikono ya kawaida angenunua koti lililotundikwa dukani akaenda zake. Huyo dada asikubabaishe.

Nilimpigia rafiki yangu Donatus, wakili hapa Shinyanga, nisije nikakupoteza. Anasema maneno "nguo ya oda hairudi" yana maana moja tu ya haki: wewe mteja huwezi kuamka asubuhi ukasema rangi imekuchosha, au umeghairi harusi, ukamrudishia fundi nguo ambayo hawezi kumuuzia mtu mwingine. Hapo ana haki ya kukataa. Hayana maana kwamba fundi akikosea vipimo alivyopewa basi mzigo ni wako. Kitu kilichoagizwa lazima kifanane na kilivyoagizwa, na tangazo la ukurasani haliwezi kuifuta sheria. Ila kaniambia na la pili, na hili halitakufurahisha: kwa kuwa mzee keshalivaa koti mpaka mnadani huku mkijua lina kasoro, kudai urudishe suti nzima upewe hela yako yote itakuwa vigumu. Kisheria mmeshaipokea. Kilichobaki mkononi mwako ni kudai kasoro irekebishwe kwa gharama yao, na hicho kinakutosha, kwa sababu hela hutaki, unataka mikono.

Halafu hilo tangazo lako nyuma ya kaunta. Nimelirukaruka nikashindwa kulipita. Mchimbaji akijaribu gambuti dukani kwako, likamkaa, akaondoka nalo, kesho akaja kusema anataka rangi nyingine, mwonyeshe kidole utakavyo. Lakini akija na gambuti lililopasuka soli kabla halijaona maji ya duara, unamwonyesha kidole gani? Libandue leo. Andika jingine la ukweli, kwamba bidhaa yenye kasoro ya kiwandani inabadilishwa. Ndipo utapata mdomo wa kumwandikia huyo dada wa Mwanza, tena mdomo mpana.

Mwandikie hivi, bila matusi, bila kulia: "Niliagiza koti lenye mikono ya inchi ishirini na sita. Limekuja na ishirini na tatu, picha hii hapa. Naomba mshone mikono mipya kwa kitambaa kile kile, na kifurushi kije na kirudi kwa gharama yenu. Naomba jibu wiki hii, harusi ni mwezi ujao." Picha iwe ya koti limelazwa mezani na futi ya fundi imenyooshwa juu ya mkono, namba zisomeke. Wakikubali, usiwatumie tena ile ishirini na sita, maana nayo ilipimwa juu ya kabuti na kabuti lina mabega yake. Tuma shati. Na tafadhali, fundi wa jirani pale Mhunze asiliguse koti kabla wale hawajajibu, kwa sababu akishalifumua watasema kaliharibu yeye, nawe hutakuwa na cha kuwaonyesha.

Wakiendelea kusoma na kunyamaza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji, na uwaambie mafundi kwamba umepeleka. Mara nyingi hapo ndipo watu wanakumbuka kujibu. Kuandika ukurasani kwao yaliyokupata pia ni ruhusa, mradi uandike yaliyotokea tu. Kitambaa ni kizuri? Sema ni kizuri. Mikono imekatwa vibaya? Sema imekatwa vibaya.

Nimefika kwa mzee, na hapa, Asteria, punguza mwendo unisikilize.

Unasema akivaa suti anatembea mikono nyuma, nawe ukaona ni maringo. Miaka yote ukiwa mkwe pale umewahi kumwona Mzee Maige akitembea mikono nyuma? Mchunga ng'ombe mikono yake ina kazi, ina fimbo. Mwanangu, mzee anajua. Alijua tangu siku ya kwanza alipoingiza mkono wa kwanza. Anaificha mikono ile kanisani, mnadani na msibani ili mtu asiseme kwamba suti aliyoletewa na mkwe wake ina kasoro. Anakusitiri wewe. Wewe huku unahangaika usimwaibishe yeye, naye kule anahangaika usiaibike wewe, na katikati yenu kuna dada wa Mwanza anayesoma ujumbe na kunyamaza kwa raha zake. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilivua miwani.

Kwa hiyo ukiniuliza uiachie hapo uendelee kufurahi, jibu langu ni hapana. Furaha yako ni ya kweli na usiiache, lakini usimwache mzee aende altareni kumkabidhi Noela huku kaficha mikono. Binti yake anauhitaji huo mkono siku hiyo.

Na wala si wewe utakayemwambia avue. Hiyo desturi mnayoiheshimu imewapa mtu wa kusema, naye ni mume wako. Mpigie leo hii Mwakitolyo. Asikuulize tena unatafuta nini, mwambie Shangazi Ghati kasema pampu zingojee. Apande gari mpaka Mhunze, wakishakula aketi na baba yake wawili tu uani, aseme maneno haya na asiongeze mengine: "Baba, mke wangu ameona mikono ya koti ni mifupi. Fundi ndiye aliyekosea. Anaomba koti lirudi Mwanza likarekebishwe kabla ya harusi."

Na Deus asijiandae kubembeleza. Mzee atakuwa ameshalivua kabla yeye hajamaliza kusema.

Shangazi Ghati