Aliyekwenda Barazani na Mikono Mitupu

Bwana Mshauri mpendwa,

Salaam nyingi, na baada ya salaam naomba unisaidie, kwa maana shauri hili lilianza na wewe mwenyewe. Mimi nakaa Narung'ombe, nimeoa hapo na nimejenga kwa wakwe zangu kama ilivyo desturi yetu, na miaka ile Waingereza walipolima karanga nilifanya kazi Nachingwea, nikajifunza kushona maturubai kwa fundi mmoja, ndipo nikaingiwa na hamu ya kuwa na cherehani yangu mwenyewe, kwani jembe nimelishika tangu utoto na mgongo umechoka. Mwaka jana nikasoma katika gazeti maneno yako ya kubana matumizi, ya kwamba haba na haba hujaza kibaba, nikalikata karatasi lile nikalibandika ukutani, na siku ile ile nikamwambia mke wangu Mwanamvua, "Mama Sabaha, kuanzia leo nyumba hii inabana."

Tukaanza na sukari, tukawa tunakunywa uji wa chumvi, tukaja kwenye mafuta ya taa, tukawa tunalala na kuku, tukaja kwenye sabuni, tukafulia maji ya majivu, na Mwanamvua akawa anasuka mikeka yake tu kila jioni mpaka giza linamkatiza. Mimi nilijibakizia chai moja tu, ya hotelini Ruangwa siku za gulio, pamoja na maandazi mawili, maana pale ndipo ninapopata habari za bei ya cherehani. Na kila Ijumaa natia fedha mkebeni.

Sasa kosa, kama ni kosa, ni hili. Kwetu wanaume wa nyumba tano tunakula pamoja barazani kwa Mzee Kaimu, mjomba wa mke wangu, na kila nyumba inaleta sahani yake, nami nikafikiri, sahani nne zinatosha watu watano, kwa nini ya tano isipumzike? Nikamwambia Mwanamvua apike chake na cha watoto tu, nami nikawa nakwenda barazani na mikono yangu iliyonawa vizuri. Wiki ya kwanza nilikula nikashiba, wiki ya pili mtani wangu Shaibu akawa ananiuliza, "Karibu, bwana, sahani inakuja nyuma?" nami nikacheka, nikala. Basi jioni moja nikawakuta wote wanne wamekaa, mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka hakuna kitu. Shaibu akanawa, akasema bismillahi, akamega hewa, akachovya hewa, akatafuna, akasema, "Mzee, kisamvu cha leo kimekolea." Na Mzee Kaimu, mtu mzima yule, akajibu, "Chumvi tu ndiyo imepungua."

Kicheko kikamfikia Mwanamvua jikoni. Akamkamata jogoo niliyekusudia kumuuza gulioni, akampa Shaibu amchinje, akapika mchele wote uliokuwemo ndani, akaubeba mwenyewe mpaka barazani, watu wakala wakashiba. Tuliporudi ndani nikamgombeza kwa ajili ya yule jogoo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja mkeka wangu, akaweka mkebe juu yake, akavitoa nje ya mlango, akasema, "Baba Sabaha, nenda ukakae na cherehani yako. Sukari nimevumilia, giza nimevumilia. Kuchekwa mbele ya wajomba zangu sivumilii." Nyumba iko kwao, Bwana Mshauri, nikabeba mkeka na mkebe nikaondoka.

Sasa niko Nachingwea, nimejibanza chumbani kwa rafiki yangu Agapiti. Nimehesabu fedha za mkebe, na ajabu ni kwamba zimezidi zile nilizotia, zimezidi sana, nadhani nilikosea hesabu ingawa nilifika darasa la nne. Cherehani imebakia kidogo tu. Je, nimalizie kwanza, nirudi nayo kichwani ili waone kwamba nilikuwa na akili, au nirudi hivi hivi? Nampenda mke wangu na usingizi siupati.

Ni mimi,
Halfani wa Mkebe

*

Bwana Halfani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakuonea huruma, kwa hiyo pole. Na mimi nina langu la kukiri. Nilipoandika habari za kubana matumizi nilitaja sigara, karata na viatu vya kujionyesha. Sahani ya barazani sikuitaja, kwa kuwa haikunijia akilini kwamba yupo mtu atakayefika huko. Ukirudi nyumbani, karatasi langu libandue.

Lakini nisikilize. Wewe hukubana matumizi, ulimbana Mwanamvua. Sukari ya nyumbani ni anasa, ila chai ya hotelini na maandazi mawili ni kuulizia bei? Bei ya cherehani haibadiliki kila gulio, bwana. Hapo naona bei ya maandazi ndiyo uliyokuwa ukiichunguza.

Sahani ile ilikuwa heshima ya mke wako mbele ya ndugu zake. Isipofika, hakuna anayesema Halfani anaweka akiba. Wanasema mtoto wetu halishwi. Shaibu alikutendea wema, maana mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukuambia usoni yale ambayo wengine wanayasema ukishaondoka. Alipomega hewa ilikupasa uinuke ukalete sahani, na wewe ukaenda kumlilia jogoo.

Tena nikuulize, ukiwa na cherehani, kitambaa cha kushona utaletewa na nani? Kanzu za Idi utawashonea watu gani kama si hao hao wanne na wake zao? Fundi aliyewakosea majirani atashona mapazia ya nyumba yake, na nyumba yenyewe ina madirisha mawili.

Sasa tuje kwenye mkebe. Hesabu yako ya darasa la nne haina kosa. Fedha hazizai mkebeni. Umeandika mwenyewe kwamba mke wako alikuwa akisuka mikeka mpaka giza linamkatiza, giza ulilomletea wewe. Mikeka hiyo ilikwenda wapi? Hukuandika, kwa sababu hukuuliza. Ulimnyima sukari, naye akatia jasho lake kimya kimya katika shauku yako. Na siku aliyokutoa nje alikupa mkebe mzima, hakuchukua hata senti yake. Mwanamke aliyekuchoka hafanyi hivyo, Halfani.

Basi usingoje cherehani. Fungua mkebe, naam, usishtuke, ununue sukari, sabuni, mafuta ya taa, samaki wakavu na jogoo mmoja aliyeshiba. Panda lori la kwanza, na hotelini usipite. Anzia kwa Mzee Kaimu, kaa chini, omba radhi. Kisha mpe Mwanamvua mkebe mkononi, umwambie umeshajua nani aliyeujaza, na tangu siku hiyo autunze yeye. Kubana mtabana, lakini mkae wawili mpatane kinachokatwa, na chai yako ya gulio iwe ya kwanza. Jioni akipika, usitume mtoto. Sahani ibebe mwenyewe mpaka barazani, na Shaibu akisema lolote, cheka, umestahili.

Cherehani itachelewa, labda hata mavuno mengine ya ufuta yapite. Itakapofika, nguo ya kwanza iwe ya Mwanamvua, na umuulize anataka rangi gani. Nadhani hujawahi kumuuliza.