Nilificha maonyo ya kompyuta, sasa kituo cha afya kinafungwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana sina mwingine wa kumwambia, mimi ni mtakwimu, nyumbani naishi peke yangu na kazini nakaa peke yangu, chumba cha mwisho karibu na stoo, na kwa miaka mitatu hakuna aliyenigongea mlango ila anayetafuta karatasi za printa. Kazi yangu ni kuandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata kuhesabu watoto wanaopimwa uzito katika kila kituo cha afya, na kukiwa na kosa kubwa kompyuta inagoma, lakini likiwa jambo dogo inatoa onyo kwa maandishi mekundu halafu inaendelea, sasa yale mekundu yalinichosha, kutwa nzima nagombezwa na mashine, nikaandika mstari mmoja wa kuyaficha. Ripoti ikatoka safi, bosi akanisifu mbele ya watu, na tangu siku hiyo wenzangu wananiita mezani kwao mchana, wananiita Profesa, mshauri, mpaka natamani mchana ufike.

Juzi nikautoa ule mstari, onyo likatokea, nikalifuatilia hatua kwa hatua mpaka nikakuta muuguzi wa kituo kimoja huandika umri kwa maneno, "miezi saba", na kompyuta ilitaka tarakimu, basi ikaacha nafasi tupu, na skripti ikiona nafasi tupu inamtupa mtoto nje ya hesabu. Watoto mia sita na kumi na wawili wametupwa! Ripoti inasema wako thelathini na tisa tu, na kwa uchache huo kituo kinafungwa Ijumaa. Mama akipiga simu namwambia kazi inaenda vizuri. Nikisema ukweli nitarudi kukaa peke yangu, nikinyamaza chakula cha pale mezani hakishuki. Nifanye nini?

Profesa

Profesa, pole kwa ile miaka mitatu. Imeniuma.

Lakini wewe nawe! Mashine inakuonya, unaiziba mdomo? Na usiniambie hukujua uzito wake, juzi umeujua na bado ukaenda kula. Unaogopa kukosa kiti, wakati kuna mama atabeba mtoto mgongoni akute mlango una kufuli.

Chapisha majedwali mawili, la zamani na jipya. Chapisha na skripti, utie alama ule mstari wako. Mwendee bosi kabla kituo hakijafungwa, useme, "Nimekosea mimi." Muuguzi muache, yeye aliandika umri sawasawa. Wenzako huenda wakakununia, sitakudanganya. Kisha mpigie mama yako umweleze yote. Mambo ya skripti hatayaelewa, lakini hatakata simu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote. Unapoisoma ni Jumatano. Kunja gazeti, inuka.