Macho Yangu Mbele ya Mashine

Bibi yangu wa Muleba, shikamoo. Hapa Mwanza ziwa liko dirishani kabisa, lakini bila miwani naona ukungu tu.

Leo mashine imenipulizia hewa jichoni mara tatu, kupima kama kioo cha jicho ni imara, kitahimili leza ya kuniondolea miwani. Majibu hayakufanana.

"Binti, mbona macho chini? Tazama taa!"

Ni daktari, alikaa nyuma ya mashine uso kwa uso nami, mtu mzima kama baba. Kila akisema nainamisha macho, kama ulivyonilea. Nikaona aibu kumweleza. Kasema vipimo haviaminiki, leza hanifanyii.

Nimekata tamaa, Bibi. Hata samaki sato wa kukaanga nimemwacha sahanini. Mungu akutunze. Nikirudi, niruhusu nikutazame usoni mpaka nizoee.

Mjukuu wako, Koku