Kisu cha Baba Mkwe Kimeshika Kutu

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka Kensington, huku kusini mwa Afrika. Goti lako limepoa? Ng'ombe amezaa? Sisi tunapumua, mimba inakua, na baridi kavu ya huku imetupasua midomo. Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa sababu ningekupandishia sauti, na hukunilea hivyo.

Mama, ni wewe uliyemtuma Mama Zawadi?

Nilikueleza juu ya kile kisu cha Kijava ambacho mume wangu Bayu aliachiwa na marehemu baba yake, kile kilichopindapinda. Si cha kukatia nyama. Hulala kabatini ndani ya ala yake ya mbao, kimezungushiwa kitambaa, mbali na jiko na bafu, maana unyevu ni adui yake. Mara moja kwa mwaka Bayu hukisafisha kwa ndimu, hukikausha, kisha hukipaka mafuta ya msandali polepole, kama anayeogesha mtoto mchanga. Wewe ukasikia ndimu na msandali, ukaamua mkwe wako ni mganga.

Jumamosi Bayu alikuwa chuoni Braamfontein. Mama Zawadi, yule fundi cherehani Mkongomani wa kanisani kwetu, akaja na mwenzake.

"Dada, mama yako analia kule. Ile kitu iko na roho mubaya. Acha tuombe."

Nikawaonyesha kabati, nikaenda kuchemsha chai. Maombi tu, nilidhani. Kurudi, nikakuta wamekichomoa kisu, wamekimwagia maji ya chumvi waliyoyaombea, na wanakirudisha ndani ya ala kikiwa kimelowa! Niliwafukuza na chai hawakunywa. Nikakifuta, nikakifuta tena. Lakini chumvi na chuma unavijua.

Bayu alikitoa juzi. Kutu ilikuwa imekula toka mpinini hadi katikati.

"Nani?" akauliza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikasema ni mimi. Ningemwambiaje kuwa ni nyanya wa mtoto wetu, mtu ambaye hata hajaonana naye uso kwa uso?

Amekisugua kwa ndimu mpaka vidole vimechubuka, na doa halitoki. Tunapishana humu ndani kama wapangaji. Jana nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba kisu kiko salama. Naogopa, Mama. Naogopa kwelikweli.

Ile baiskeli ya Baba bado unaipaka mafuta mnyororo kila Jumapili? Tangu tumzike hakuna aliyeipanda, na siku Wafula alipoigusa ulimkimbiza na mwiko. Hakuna aliyekuletea mchungaji.

Nisalimie huyo kaka yangu Wafula, na shangazi anayeniombea kila alfajiri. Mwambie sasa aiombee na ndoa.

Tiketi yako usiibadilishe. Nakutaka hapa mtoto akizaliwa, sina mwingine. Ila wewe ndiye uliyetufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bayu ndiye atakayekufungulia mlango. Kabla hujavua viatu, mwambie ni nani aliyewatuma watu kwenye kisu chake.

Mimi nimeshakubebea lawama mara moja.

Binti yako,
Nafula