Bwawa Lililoshiba

Mwanza, Jumapili

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Magoti yake yanasemaje na hizi mvua? Mimi mzima, nimenenepa, na mtaa mzima huku unanijua. Hata muuza kahawa akiniona husema, "Mtwara kaja, mpisheni." Ila tangu ujumbe wako moyo hautulii. Nakaa nainuka, chai naiacha nusu.

Umesema samaki wetu wa mwatiko katika bwawa la kikundi wamegoma kukua, na bamvua lijalo, bahari ikijaa sana, kila nyumba italeta tena ndoo ya vifaranga kutoka mikokoni, kuongeza baraka. Dada, msifanye hivyo. Bwawa hilo ndilo linalomlisha mama tangu mikorosho ishikwe na ugonjwa wa ubwiri.

Sikiliza mdogo wako aliyefika Unguja na Msumbiji, ingawa yeye na hesabu waliachana kwa amani darasa la saba. Hapa ninapolisha samaki kuna mama mtafiti, tunamwita Daktari. Anafuatilia sato wanavyozaana. Tunavua, tunahesabu, tunarudisha, naye anachora mstari kwenye kompyuta. Mwanzo mstari ulitambaa, kisha ukapanda kama mnazi. Nikamwambia, "Daktari, mwakani tutalisha mpaka Kongo." Akasema, "Issa, ngoja kwanza wabanane."

Kweli, mstari ukalegea, ukalala kama mkeka. Nikajua tunaibiwa, nikamnunia mlinzi wiki nzima. Kumbe hakuna mwizi. Kila samaki anayeongezeka anamega hewa na chakula cha mwenzake. Bwawa lina kiasi chake, na wakikikaribia, ongezeko linapungua lenyewe. Hesabu ya Daktari inasema hivyo tu, herufi nyingine naona ni mapambo.

Sasa mwatiko wetu hawazaani bwawani. Sisi ndio tunaowazaa, kwa ndoo. Nilipomweleza Daktari ukubwa wa bwawa na ndoo mlizokwisha kumwaga, hakucheka. Alisema, "Wakiongeza tena, siku moja ya joto wataamka wakute samaki wote wanaelea."

Najua utaniuliza, "Issa, nitamrudishaje Bi Zuhura wa kikundi na ndoo yake kichwani, watu wanatazama?" Huwezi. Kwetu ukimrudishia mtu ndoo umemrudisha yeye mwenyewe, na msibani kwako haji. Nimelizungusha hilo kichwani mpaka wenzangu wanne wa chumbani wamelalamika kwamba nageuka sana mkekani. Nao wanazungumza nini, mgeni mmoja akiongezeka humu tutalala wima.

Basi usimrudishe mtu. Kile kiwanja changu nyuma ya mikoko, nilichowatangazia watu kuanzia Chikongola hadi Madimba kwamba nitainua jumba la ghorofa, kichimbeni. Waite wenye majembe, wapikie ugali wa muhogo na samaki, wamalize kabla ya bamvua. Ndoo mpya zote ziende huko, na nusu ya wale waliobanana wahamisheni pia. Usiniulize mara mbili, nisije nikakumbuka ile ghorofa.

Msalimie mama, umshike magoti kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, fundi wa nyavu, na wanangu wa kwako. Bi Zuhura mwambie ndoo yake ndiyo itakayofungua bwawa jipya, maana yeye ni mgeni wangu wa kwanza nyumbani.

Mdogo wako, mwenye ghorofa ya maji,
Issa