Mpungate wa Papa Zakaria

Songo, Jumanne. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na mimi tangu mchana huo sina pa kuuficha uso.

Jirani yangu Mama Neema amerudi kutoka Burundi. Waasi walipoingia mjini alivuka mpaka, akaniachia kopo lenye kaktusi yake, zawadi ya mwisho ya marehemu binti yake. Ni kichwa chekundu tupu. Hakina ukijani, hakijilishi, kinaishi kwa kubebeshwa juu ya shina la kaktusi nyingine. Mvua zikaozesha shina lile.

Nilijua dawa yake: kukihamishia kichwa juu ya shina la mpungate, ile kaktusi ya vipande bapa. Ni wa ukoo uleule, una maji mengi, tena umejaa ukutani kwa Papa Zakaria, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Sikwenda.

Papa Zakaria ni mtu wa bondeni, upande wa Sange, na tangu vita mtaa unanong'ona kwamba wapwa zake wako na waasi. Hakuna aliyeona kitu. Hata hivyo niliacha kumsalimu, na niliogopa kuonekana mlangoni pake nikiomba. Nikakata mti wa ua wetu, ule wa pembe na miiba unaotoa maziwa meupe, nikakifungia kichwa juu yake. Ukiutazama utasema ni kaktusi. Nilijua si ndugu, nikajiambia mwiba ni mwiba. Maziwa yaliniunguza macho, na kichwa kikaanza kunyauka kuanzia chini.

Leo Mama Neema alikitazama, akaniuliza kama sikufika kwa Papa Zakaria. Nikasema mpungate wake ulikauka.

Njia ya mwongo ni fupi. Alibeba kopo lake, akaniambia twende, na kabla hatujafika mlangoni niliuona mpungate juu ya ukuta, umetoa maua ya njano. Mama Neema aliyatazama maua, kisha akabisha hodi. Afadhali angenitukana.

Papa Zakaria alichagua mwenyewe. Aliacha mashina makubwa yaliyokomaa, akang'oa mche mchanga na mizizi yake. Mama Neema alipunguza kichwa hadi kwenye nyama safi, kikabaki kama kifungo cha koti. Wakaukata mche ncha, wakakikalisha juu yake ili duara la katikati ya kichwa lishikane na lile la mche. Mimi nilishika uzi wa kufungia tu. Nilipoanza kueleza kwa nini sikuja mapema, mzee alinikatiza taratibu.

"Minye nilikuwa nakuonaka unapita, mwanangu. Nilizani uko na haraka."

Miezi yote hii, haraka.

Tulipoaga, Mama Neema hakunirudishia kopo. Alimwachia Papa Zakaria alitunze mpaka kichwa kishike, naye akaliweka kivulini, karibu na mlango. Iliniuma, na nilistahili.

Kesho nitapita pale nikienda sokoni Mulongwe. Nitasimama, nibishe hodi, nisalimie, hata mtaa mzima ukiwa nje unatazama.

Au nitakuwa na haraka tena?